Siku Kumi na Nne

Chupa ilikuja na karatasi ndefu kuliko mkanda wangu,
imekunjwa mara saba, imegandishwa shingoni.
Kifaransa kipo. Kireno kipo. Kiarabu kipo.
Kiswahili wamekiweka chini kabisa, mstari mmoja:
Soma maelezo kabla ya kutumia.

Nilisoma. Mimi ni muuza pembejeo, Tengeru,
mlango wa tatu toka mashine ya kusaga.
Nilisoma kwa Kiingereza changu cha shule ya kata
nikafika palipoandikwa siku kumi na nne
kati ya kupiga dawa na kuchuma.
Nikaikunja, nikaitia kwenye droo ya chenji.

Kisha nikafanya tunalofanya wote.
Lita nzima haina mnunuzi;
mkulima anakuja na elfu tatu na mia tano.
Nikaigawa kwenye vichupa vya dawa ya kikohozi,
juu nikabandika plasta, nikaandika kwa kalamu: WADUDU.
Sheria ya mataifa, kurasa kwa kurasa,
ikabaki neno moja, na neno lenyewe halisemi
kama ni ya kuwaua au ya kuwafuga.

Elisikia Nanyaro alichukua vitatu.
Ana robo tatu ya eka kule Nambala,
maharage machanga ya kwenda Ulaya,
yale membamba yanayopimwa kwa rula.
Alipiga dawa Jumatatu. Alhamisi kampuni ikampigia simu:
ndege inaondoka kesho usiku, chuma yote.
Nani angeiambia ndege isubiri siku kumi?

Nasikia huko yalikofika kuna chumba cheupe
na mashine inayonusa kuliko mbwa.
Ilinusa nukta sifuri sita.
Ruhusa yao ni nukta sifuri moja.
Sijui tofauti hiyo ina ukubwa gani,
haijai hata kwenye kucha ya siafu,
lakini ilitosha kumfuta Elisikia daftarini.

Afisa alikuja na fomu,
kijana mpole, viatu vimejaa vumbi letu.
Alikigeuza kichupa, akaisoma plasta yangu,
hakucheka.
Akaniambia dawa hii inatengenezwa
nchi ileile yenye mashine.
Kwao ni marufuku kuipiga.
Si marufuku kuiuza.
Na Namanga je, nikauliza, ng'ambo ya kizuizi?
Kule imeshafutwa.
Na huku?
Akaitazama fomu muda mrefu.
Huku inapitiwa.

Inapitiwa. Neno limepigwa pasi kama shati la ofisini.
Nikamfikiria funza wa maharage,
anavyovuka Namanga bila kugongewa muhuri:
huku anakufa kwa kitu
ambacho kule ni kosa kumuua nacho.

Kreti zilizobaki kwenye chumba cha baridi hazikutupwa.
Chakula hakitupwi Tengeru.
Jumamosi ya pili yalimwagwa sokoni, fungu mia tano,
na Aikande, mke wangu, akarudi na mafungu manne,
anacheka tangu getini:
leo tunakula cha Wazungu!

Aliyakaanga kwa karoti na nyanya.
Binti yetu akachomoa moja kwa vidole,
akalilaza kwenye rula ya shule.
Baba, sentimita kumi na mbili kamili.

Nami nikawa nahesabu. Jumatatu ile hadi leo
ni siku kumi na mbili.
Lakini yalichumwa yakiwa na nne,
na harage likishachumwa haliendelei kuhesabu,
linamwachia mlaji.

Karatasi bado iko kwenye droo, chini ya sarafu.
Kila nikitoa chenji, inachakarika.

Nilisema: yaosheni tena.
Aikande akanitazama kama mtu aliyeamka vibaya.
Yameshaiva, akasema,
akachukua sahani yangu,
akanipakulia mimi kwanza.